Kiingereza cha usaili wa kuandika: nina wiki sita, nianzie wapi?

Binti_Makorora:
Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimeomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II kupitia Ajira Portal, najiandaa kwa usaili wa mchujo. Mambo ya fani yenyewe sina wasiwasi nayo. Kinachonitisha ni Kiingereza: kujaza neno lililokosekana, kutafuta kosa kwenye sentensi, visawe na vinyume, na kile kifungu cha kusoma chenye maswali chini yake. Sentensi nikiisoma naielewa, ila nikiambiwa nichague kati ya "has" na "have", au "since" na "for", nabahatisha tu.

Nina wiki sita, saa mbili kila jioni. Nipo Tanga mjini na tuisheni siimudu. Nianze na msamiati au sarufi? Na muda niugawe vipi?

Mwl_Chumbageni:
Marahaba binti. Anza na sarufi. Kanuni zinazoulizwa si nyingi na zinajirudia pepa hadi pepa, wakati msamiati hauna mwisho. Wiki tatu za kwanza sarufi ichukue saa moja na nusu, msamiati nusu saa. Wiki mbili zinazofuata nusu kwa nusu. Wiki ya mwisho ni pepa kamili kwa saa, bila kujifunza kitu kipya.

Mtu anayefikiri kwa Kiswahili makosa yake yanatabirika, na watunga maswali wanayajua. Hayo ndiyo ya kuyashika kwanza.

Kubwa kuliko yote ni -me-. Mitaani tunasema "nimemwona jana" na tunaelewana. Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday", kwa sababu "have seen" haikai pamoja na wakati uliokwisha kupita na ukatajwa. Ukiona "yesterday", "last year", "ago" au "in 2019", chagua "saw". Halafu kuna -me- ya hali: amelala, amechoka, amevaa sare. Hizo kwa Kiingereza ni "he is asleep", "he is tired", "he is wearing a uniform". Anayeandika "he has slept" akikusudia kwamba mtu yuko usingizini muda huu amekosea.

"Ingawa... lakini" kwetu ni sawa kabisa. Kwao unachagua kimoja: ukianza na "although", "but" inaondoka. Sentensi yenye vyote viwili inapenda sana kuwekwa kwenye maswali ya kutafuta kosa.

"Niliyemwona" ina -mw- ndani yake, ndiyo maana wengi huandika "the man whom I saw him". Ile "him" ifutwe, kazi yake imeshafanywa na "whom".

Masharti linganisha na viambishi vyetu. -ki-: "If you come late, you will miss the bus", na "will" haiingii upande wa "if". -nge-: "If I had a car, I would drive." -ngali-: "If I had known, I would have come." Sisi tunarudia -ngali- pande zote mbili (ningalijua, ningalikuja), kwa hiyo mkono unavutika kurudia "would" pande zote: "If I would have known". Ni kosa kila mara.

Kuna nomino zisizohesabika. Kiswahili kinahesabu vifaa, taarifa, fenicha na mizigo. Kiingereza hakina "equipments", "informations", "furnitures" wala "luggages". "Advices" nayo haipo. Kitenzi chake ni cha umoja: "The information is correct." Ukitaka kuhesabu, "two pieces of advice".

Upatanisho wa kitenzi, hapa Kiswahili kinakusaidia. Husemi "orodha ya waombaji wamebandikwa", unasema "imebandikwa", maana mwenye sentensi ni orodha. Vilevile "The list of applicants was posted", si "were". Kila ukiona "of" katikati, funika kwa kidole kuanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha soma upya. "Each", "every", "everyone" ni umoja. Kwenye "neither... nor" kitenzi kinafuata nomino iliyo karibu nacho: "Neither the supervisor nor the clerks were present."

"Since" inataka mwanzo, "for" inataka urefu: "since 2021", "for three years". "Since three years" haipo.

Mwisho vihusishi vya ziada. "Discuss about", "emphasize on" na "despite of" vyote ni makosa. "Discuss the matter" inatosha. Lakini "senior to me" na "prefer tea to coffee" zinataka "to", si "than".

Kila kosa unalofanya liandike kwenye daftari kwa safu tatu: sentensi yenye kosa, sentensi sahihi, sababu kwa maneno yako kwa Kiswahili. Bila safu ya tatu daftari halina faida, kwa sababu utakariri sentensi na kuikosa kanuni.

Msomaji_Raskazone:
Naunga mkono yote ya Mwalimu. Niongeze kwenye msamiati, maana hapo ndipo watu wanapopoteza wiki nzima kwa kufungua kamusi kuanzia herufi A.

Tafuta mtandaoni Academic Word List, iliyotolewa na Averil Coxhead mwaka 2000, ni bure. Ina familia 570 za maneno (familia ni neno moja na ndugu zake) yanayojitokeza sana kwenye maandishi ya kitaaluma, zimegawanywa vikundi 10 kuanzia yanayotumika zaidi: vikundi 9 vina familia 60 kila kimoja, cha mwisho 30. Kwa wiki sita usijaribu kuimaliza. Chukua vikundi vitatu vya kwanza, ambavyo ni familia 180. Tano kwa siku zinakwisha siku ya 36, na siku sita zinabaki za marudio. Maneno ya kawaida ya kila siku hayamo humo, kwa hiyo ukikutana na neno jepesi usilolijua, nalo lipe kadi.

Kadi kata kutoka manila. Mbele usiandike neno na tafsiri yake. Andika sentensi yenye pengo: "The funds will be a______ next month." Nyuma: "available", kisha ndugu zake "availability" na "unavailable", kisha vihusishi vyake, "available to" kwa mtu na "available for" kwa matumizi. Kadi moja ya namna hiyo inakufaa kwenye kujaza pengo, kwenye vinyume na kwenye vihusishi.

Marudio fanya kwa visanduku vitatu, njia iliyoenezwa na Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972. Kisanduku cha kwanza kipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inapanda; ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha tatu. Jibu litaje kwa sauti kabla ya kugeuza. Kusoma tu nyuma ya kadi kunakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo haifanyi kazi mbele ya pepa.

Jambo moja nalisisitiza: usikariri orodha za visawe vya jozi jozi. "Raise" na "rise" zote zina maana ya kupanda, lakini "raise" inataka kitu cha kuinuliwa: "The government raised salaries", ila "Prices rose." Orodha haikwambii hilo, sentensi inakwambia.

Na kwa kada yako zingatia maneno yanayofanana. "Personnel" ni watumishi, "personal" ni -a binafsi. Karatasi na kalamu ni "stationery" yenye e; "stationary" yenye a ni kitu kilichosimama pasipo kusogea. "Principal" ni mkuu au kikuu, "principle" ni kanuni. "Affect" kwa kawaida ni kitenzi, "effect" nomino.

Mpitanjia_Pongwe:
Dada, kama tuisheni haiwezekani, Maktaba ya Mkoa hapo mjini ina utulivu ambao nyumbani huupati. Chukua tahariri ya Daily News, aya moja ya maneno kama 150, uinakili kwa mkono ukiacha pengo kila neno la saba. Iache siku mbili, kisha jaza na ulinganishe. Gazeti la maktaba usilichore.

Kwenye muda: gawanya dakika kwa maswali. Maswali 40 kwa dakika 30 ni sekunde 45 kila moja. Kifungu cha kusoma kinakula zaidi, hivyo mapengo na visawe uvimalize kwa sekunde 30 ili ubaki na akiba. Soma maswali ya kifungu kabla ya kifungu chenyewe, na piga mstari chini ya "NOT" na "EXCEPT". Watu wanaoelewa kila kitu hukosa hapo kwa haraka tu.

Binti_Makorora:
Ahsanteni sana, nimeanza na daftari la safu tatu. Mwalimu, nimejaribu kutafuta makosa kwenye hizi, naomba unisahihishe:

1. "Neither of the two clerks have signed the register." Nimeweka "has".
2. "Although the sea was rough, the boat to Pemba left on time." Sioni kosa.
3. "I am working here since 2022." Nimeweka "I was working".
4. "If the officer will arrive early, we will begin." Nimetoa "will" ya kwanza, ikawa "arrive".
5. "She asked me where was the file." Sioni kosa.

Mwl_Chumbageni:
Ya kwanza na ya pili umepata. Kwenye ya pili wengi huingiwa na shaka wakaongeza "but". Vizuri hukufanya hivyo.

Ya tatu ni "I have been working here since 2022", au "I have worked". Kazi ilianza zamani na bado inaendelea. Kiswahili kinasema "nafanya kazi hapa tangu 2022" kwa wakati uliopo, ndiyo maana "am working" ilionekana ya kawaida. "Was working" inamaanisha umeshaacha. Ukiona "since" yenye mwaka au tarehe mbele yake, jicho liende kwenye "have" au "has".

Ya nne kanuni umeipata, ila "officer" ni mmoja: "If the officer arrives early". Kuondoa "will" kunaiacha s ikidaiwa. Kosa hili la pili ni hatari kuliko la kwanza, kwa sababu huwa umeshafurahi kwamba umepata.

Ya tano ina kosa. Swali likiwa ndani ya sentensi linarudi kwenye mpangilio wa kawaida, mtenda kwanza kitenzi baadaye: "She asked me where the file was." Hivyo hivyo "I don't know what time it is", si "what time is it". Kwetu "faili liko wapi" halibadiliki, liwe swali kamili au liwe ndani ya "aliniuliza faili liko wapi", kwa hiyo sikio halikuonyi.

Sasa tunga sentensi kumi za "asked", "wondered" na "don't know", tano zenye "where" na tano zenye "what", uziweke hapa kesho jioni tuzipitie.