MJADALA: Pesa za kompyuta mashuleni ziishie kwenye mashine, au walimu walipwe watunge programu?

Mwanzisha mada

Wakuu salaam. Kila bajeti ya elimu ikisomwa tunatajiwa idadi ya vifaa tu. Kenya 2016 walianza kugawa tableti kwa watoto wa darasa la kwanza, kwetu Tanzania vishikwambi vya sensa ya 2022 vikapelekwa kwa walimu, sawa hongera, ila sisikii mtu akiuliza ndani ya hivyo vifaa kuna nini na nani kakitunga. Na hili swali sio geni, wenzetu walilipitia miaka ya 80 kompyuta za nyumbani zilipoanza kuingia madarasani. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kule kilichofundisha watoto ni programu zilizotungwa na watu wa darasani.

Angalieni Uingereza. BBC walikuwa na mradi wa kufundisha wananchi kompyuta, kampuni ya Acorn ya Cambridge ikawatengenezea BBC Micro, ikatoka mwishoni mwa 1981, ile modeli B ilikuwa na memori ya kilobaiti 32 tu, picha moja ya simu yako haiingii humo. Serikali ikaziambia shule toeni nusu ya bei na sisi tunatoa nusu, wakaanza na sekondari halafu 1982 shule za msingi. Ila pesa hiyo ilitoka wizara ya viwanda, na mashine za kuchagua zilikuwa za kampuni za Uingereza tupu, Acorn, Research Machines na Sinclair. Kwa hiyo mimi naona walioangaliwa kwanza ni wenye viwanda, mtoto akaja baadae.

Sasa mashine imefika shuleni, unaiwasha inakuonyesha neno BASIC, yaani lugha ya kuiandikia programu, na kimshale, basi, imekaa inakusubiri wewe. Mwalimu aliyezoea chaki afanye nini hapo? Programu zinasomwa kutoka kwenye kaseti, sauti ya redio ikiwa ndogo au kubwa mno inagoma unaanza upya, na shule nyingi za msingi zilikuwa na kompyuta moja inayosukumwa kwenye toroli darasa kwa darasa.

Ndipo 1983 ikaja programu ya Granny's Garden, yaani bustani ya bibi, ya Mike Matson na kampuni yake ndogo ya 4Mation. Watoto wanatafuta watoto wa mfalme waliofichwa na mchawi, wanasoma maneno kwenye skrini, wanabishana tufanye lipi, mmoja anaandika kwenye kibodi, mwingine ananakili kwenye daftari walipofikia. Toroli ikishaondoka somo linaendelea, wanachora, wanaandika insha, wanapiga ramani. Ile programu ilitungwa kwa hali halisi ya kompyuta moja na watoto thelathini.

Marekani nako, Minnesota 1971, kijana Don Rawitsch yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, kama BTP yetu, anafundisha historia Minneapolis. Wenzake wawili aliokuwa anaishi nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wanasomea ualimu wa hesabu, wakamuandikia kwa wiki mbili hivi programu ya safari ya wahamiaji wa zamani kwenda Oregon, magharibi ya Marekani. Hakukuwa hata na skrini, mashine inachapa kwenye karatasi, na ukitaka kuwinda unaandika BANG haraka bila kukosea herufi. Mwaka 1974 Rawitsch akaajiriwa MECC, chombo cha jimbo kilichoanzishwa 1973 kushughulikia kompyuta za shule, akaichapa upya kutoka kwenye nakala ya karatasi, akasoma shajara za wahamiaji wenyewe akarekebisha ni mara ngapi mvua inaharibu safari, ni mara ngapi mtu anaugua. Hiyo kazi ni ya mwalimu wa historia, muuza kompyuta haiwezi, na jimbo lilimlipa mshahara akaifanya. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa pili

Mkuu nakupinga kabisa. Hayo unayosifia ni magemu, mtoto anabonyeza anachoambiwa. Seymour Papert, mtafiti wa kompyuta na elimu wa Marekani, alishalisema hili mwaka 1980, mtoto ndiye aiamrishe kompyuta, sio kompyuta imuamrishe mtoto. Ndio maana yeye na wenzake walitengeneza Logo tangu 1967, lugha ya programu ya watoto, mtoto anaandika amri za kumuongoza kobe achore, akikosea anaona kosa lake anarekebisha. Na Uingereza walipoacha BASIC wakaanza kufundisha watoto kuandika barua na kupanga jedwali kwenye kompyuta, mpaka Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya kule, wakatoa ripoti 2012 kwamba hali ni mbaya, na 2014 mtaala ukabadilishwa watoto warudi kuandika programu. Wale vijana wawili wa Cambridge walioandika gemu la Elite la BBC Micro 1984, Braben na Bell, walilelewa na gemu la bibi?

Mwanzisha mada

Mkuu wangu, hao wawili wangejifunza hata kama shule ingekuwa imefungwa, mimi namuwaza yule mtoto wa kawaida. Logo naipenda, lakini watafiti Roy Pea na Midian Kurland wa chuo cha ualimu cha Bank Street pale New York waliwapima watoto walioandika Logo mwaka mzima wa shule, wakatoa matokeo 1984, katika kupanga kazi hawakuwapita wenzao ambao hawakugusa Logo. Walikuwa wameachwa wajigundulie wenyewe. Logo bila mwalimu anayejua ampeleke wapi mtoto inabaki michoro mizuri tu. Kwa hiyo tunarudi palepale, mwalimu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, naomba niseme kitu ambacho wote wawili mmekiruka. Kwenye zile BBC Micro programu nyingi za BASIC ulikuwa unaandika amri ya LIST unaiona yote mistari kwa mistari. Mwalimu akitaka maneno ya tahajia yawe ya darasa lake anabadilisha mstari, anahifadhi, kesho anatumia. Sisi shuleni kwetu tumenunua programu ya kusoma, ndani kuna theluji na matunda ambayo watoto hawajawahi kuyaona, nataka niweke embe na fenesi siwezi, imefungwa. Hata nikipewa muda wa kutunga, nitatungia wapi kama kila kitu kimefungwa?

Mchangiaji wa nne

Hizo hadithi nzuri ila mnasahau kwamba bila mashine hakuna cha kujadili. Tanzania 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mwaka uleule ambao huyo Rawitsch anakaa MECC anachapa programu yake. Walimu wazuri tulikuwa nao, wangetungia kwenye ubao? Rwanda walianza 2008 wakagawa laptopu ndogo zaidi ya 200,000 kwa watoto, na ndani yake kulikuwa na kobe wa Logo. Kwanza kifaa kifike, mengine yatafuata.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, sijasema mashine zisinunuliwe, 1974 tulijinyima wenyewe na hasara yake tunaijua. Hiyo "mengine yatafuata" ndiyo inanisumbua, kwa sababu Minnesota hayakufuata yenyewe, yalitengewa fungu na yakapewa watu. Jimbo lilitengeneza, shule zake zikapata kwa bei ndogo, majimbo mengine yakawa yananunua leseni, pesa ikarudi kutunga nyingine.

Mwalimu wa darasa la tatu, la kufungwa nalikubali na naliongeza kwenye hoja yangu: kwenye mkataba wowote wa serikali kuandikwe kwamba mwalimu ana haki ya kufungua programu na kuibadilisha. Sasa naomba utuambie, ukipunguziwa vipindi viwili kwa wiki na ukapewa kijana mmoja anayejua kuandika programu akae na wewe, utaanza na somo gani? Na wengine mlioko madarasani semeni pia, ila mtaje darasa na mada, sio kompyuta kwa ujumla.