Natafsiri shairi la Charlotte Mew: nitie vina au niache? Naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu, natafsiri "The Farmer's Bride" la Charlotte Mew, Mwingereza aliyezaliwa London 1869. Mkulima anasimulia mke wake mdogo anavyomwogopa: alitoroka usiku, wakamkimbiza mashambani kama sungura, wakamrudisha na kumfungia. Sasa analala darini peke yake, ngazi tu imewatenga. Mistari mingine mirefu, mingine maneno matatu manne. Nikiibana kwenye mizani nane kwa nane, yule mkulima ananyamaza. Nifanyeje? Jumapili iwe tayari.

Malenga wa Pwani: Shairi lisilo na vina ni insha iliyokatwakatwa. Tia vina, dada.

Kibatari: Ugomvi huo upo tangu Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya mashairi yasiyo na vina, 1974. Na Mew vina anavyo, ila havipangi kwa kuhesabu. Jumapili kuna nini?

Mleta uzi: Mambo ya nyumbani tu.

Kibatari: Yapi?

Mleta uzi: Mdogo wangu kapata mchumba. Kaka yetu yuko hospitali ya magonjwa ya akili, na sisi wawili tuliahidiana tusiolewe, watoto wasije wakarithi. Washenga wanakuja Jumapili. Nataka alisome kwanza. Barua ya kukataa posa nimeshaiandika kwa jina lake. Msinihukumu, mimi ndiye niliyemlea.

Mama Pili: Mwanangu, shangazi yangu alikataliwa posa na kaka zake mara tatu. Kafa akiwa mpishi wa harusi za wenzake. Muulize mdogo wako!

Chuma cha Reli: Hii chai. Charlotte na mdogo wake Anne ndio walioahidiana kutoolewa, maana kaka yao na dada yao waliwekwa hospitali za wagonjwa wa akili. Umejivika maisha ya mtu.

Kibatari: Hata kama chai, asimulie mpaka mwisho. Anne alikufa kwa saratani 1927, Charlotte akajiua mwaka uliofuata. Pauni 75 kwa mwaka alizoombewa serikalini na waandishi kina Thomas Hardy hazikuziba pengo la Anne.

Mleta uzi: Nayajua, ndiyo maana nimemchagua yeye. Kaka ana mwaka wa sita wodini, kila Ijumaa namkata kucha. Barua sijaituma.

Malenga wa Pwani: Nimekwenda kulisoma. Mwishoni mkulima anataja macho, nywele, halafu nywele tena, pumzi inamkatika. Hapo usihesabu mizani, dada. Rudia tu "nywele zake, nywele zake". Mpe mdogo wako shairi. Barua ichane.