Kupigia chama kidogo New York, ngome ya Democratic: kura itapotea?

Mwani: Habari zenu wakuu. Nina uraia wa Marekani na nimejiandikisha kupiga kura jimbo la New York. Democratic siwapendi, Republican ndiyo kabisa siwezi, na mshindi wa urais hapa anajulikana kabla ya siku yenyewe. Nikipigia chama kidogo, kura itafanya kazi gani? Nifanyeje isiharibike?

KaraniWaKura: Urais haitaugusa, mkuu. Republican hawajachukua New York tangu Reagan 1984. Mwaka 2020 Biden aliongoza kwa karibu kura milioni 2, na mshindi huzoa wajumbe wote wa jimbo, wale wanaomchagua rais rasmi. Kazi ya kura yako ni kukibakiza chama kwenye karatasi. Tangu 2020 chama kinatakiwa kipate kura 130,000 au asilimia 2, hesabu iliyo kubwa, katika kila uchaguzi wa rais na wa gavana. Zamani ilikuwa 50,000, tena kwa ugavana tu. Green na Libertarian, vyama vidogo, waling'oka kwenye karatasi mwaka huohuo, na kurudi ni kukusanya saini 45,000 ndani ya wiki sita. Ndiyo maana 2024 karatasi ya urais ilichapwa majina mawili tu.

Ila New York vyama kadhaa vinaruhusiwa kumsimamisha mtu mmoja. Mwaka huo Harris alikuwa mstari wa Democratic na wa Working Families (chama kidogo), Trump wa Republican na wa Conservative (kidogo pia). Mgombea hujumlishiwa kura zote, lakini kila chama huhesabiwa zake. Jaza kiduara kimoja tu! Ukijaza viwili vya mgombea yuleyule kura haiharibiki, lakini inaandikwa kwa chama kinachotangulia kwenye karatasi, kile kikubwa. Kidogo kinapata sifuri.

Mwani: Na kuandika jina kwa mkono?

PwezaMkavu: Ruksa, lakini kwa urais jina halihesabiwi kama mgombea hakuwasilisha hati na majina ya wajumbe wake kwa Bodi ya Uchaguzi. Angalia orodha yao kwanza. Na usiandike jina huku umejaza kiduara cha mwingine; kura ya nafasi hiyo inaharibika, za nafasi nyingine zinabaki salama.

Jambo linalosahaulika: usikimbilie kujiandikisha chama kidogo. Mchujo wa New York, yaani kura ya chama kuchagua mgombea wake, ni wa wanachama tu, na sehemu nyingi za Jiji la New York mchujo wa Democratic ndio uchaguzi wenyewe. Kubadili chama kwa mchujo wa Juni mwisho ni Februari 14. Novemba unampigia umtakaye hata kama umeandikishwa kwingine.

Chachandu: Mnasema ngome, ngome, kana kwamba karatasi ina nafasi moja. Viti vya Bunge vya Long Island na Bonde la Hudson hugombewa kwelikweli. Pengo likiwa dogo, kura za chama kidogo zinaweza kuamua: urais wa 2000, jimbo la Florida, Bush wa Republican alimshinda Gore wa Democratic kwa kura 537, Nader wa Green akiwa na zaidi ya 97,000.

KaraniWaKura: Kweli. Kwa viti hivyo, Mwani, tazama kama chama kidogo kimemuunga mkono mgombea wa chama kikubwa unayeweza kumvumilia. Kama ndivyo, mpigie kwenye mstari wa kidogo, hakuna hasara. Kikiwa na mgombea wake mwenyewe, hapo pima pengo la uchaguzi uliopita wa wilaya yako, si la jimbo zima.

Mwani: Nimeelewa. Naanza na tarehe ya Februari.