Chuo kinataka turipoti udanganyifu wa wanafunzi, kisha kinatuachia kesi nzima mikononi

Ndugu wanajukwaa, ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kila mwaka wa masomo unapoanza tunaonywa tusifumbie macho udanganyifu wa kitaaluma, lakini mhadhiri akishaukamata na kuuripoti, utawala unamrudishia mzigo wote na kukaa pembeni.

Chukueni kesi ya kawaida kabisa, ya mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake. Mhadhiri ndiye anayeweka nakala mbili mezani, akipigia mstari sentensi moja baada ya nyingine na kuandika pembeni ukurasa ilikotoka. Ndiye anayeandaa barua ya wito, anayetafuta chumba na saa inayowafaa wajumbe wote, na wakati mwingine ndiye anayeandika muhtasari wa kikao ambacho yeye mwenyewe ni mlalamikaji. Hili la mwisho linaniudhi kuliko yote. Mwanafunzi akikata rufaa kwa hoja hiyo ana haki ya kusikilizwa, hata kama alinakili kweli, na kazi yote inakwenda na maji. Majuzi jalada langu lilirudishwa kwa madai kwamba fomu ni ya zamani, ilhali ofisi hiyohiyo ndiyo iliyonipa.

Tukiomba msaada tunajibiwa kwamba programu ipo. Programu kama Turnitin huonyesha asilimia ya maandishi yanayofanana na yaliyomo katika hifadhi yake, basi; asilimia 30 inaweza kuwa nukuu halali na orodha ya marejeo, na asilimia 8 ikawa aya nzima iliyoibwa. Lazima mtu akae asome. Kwenye maandishi ya akili mnemba hali ni mbaya zaidi, kwani OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa kitambuzi chao cha maandishi hayo Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na Agosti mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kikazima kile cha Turnitin. Hata hivyo, kwetu asilimia hiyo inapokelewa kama ushahidi kamili, na mwanafunzi ambaye huenda hana hatia hapati hata mtu wa kumweleza kwamba anapaswa kuuona ushahidi kabla ya kikao, au kwamba rasimu zake za awali zinaweza kumtetea.

Matokeo yake yamezuiwa, muhula umekwisha, naye anagonga mlango wangu kuuliza uamuzi utatoka lini, swali ambalo hakuna ofisi iliyokubali kunijibu. Baadhi ya wenzangu wameamua kukata alama kimyakimya na kuendelea na kazi. Siwaungi mkono, kwa sababu adhabu ya namna hiyo haina rufaa wala kumbukumbu, na mzoefu wa kudanganya akihamia somo jingine anahesabiwa mkosaji wa mara ya kwanza. Ila ninajua kilichowafikisha hapo.

Tunadai kila kitivo kiwe na ofisa aliyefunzwa, ambaye atapokea taarifa, kutunza jalada, kutoa barua na kuandika muhtasari, ili mhadhiri abaki kuwa shahidi. Kanuni nazo ziweke ukomo wa siku za kutoa uamuzi, uubane utawala kama tarehe ya kuwasilisha kazi inavyombana mwanafunzi. Kabla ya hayo kutekelezwa, wasituletee waraka mwingine wa kutukumbusha wajibu wetu.