Nikifumba macho kufanya meditesheni, ndipo mawazo yanazidi

Kichwa Moto:
Wakuu, habari zenu. Kichwa changu hakitulii. Nikizima taa tu, kinaanza kunisomea madeni, barua pepe ambazo sijazijibu, na neno nililomjibu bosi mwaka jana. Nimeshauriwa meditesheni. Nakaa, nafumba macho, naambiwa "usiwaze chochote". Wapi! Mawazo ndiyo kwanza yanamiminika. Je, kuna watu haiwafai? Naomba majibu ya waliopitia, si misemo ya mabango.

Msafiri wa Ndani:
Mkuu, aliyekwambia usiwaze amekupa kazi isiyowezekana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio: watu walikatazwa kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Waligonga mno. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia kuliko hata wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Mimi nahesabu pumzi ninapoitoa, moja hadi kumi, kisha naanza upya. Nikijikuta niko kumi na saba, najua nimeshahama zamani. Sijigombezi, narudi moja. Kule kushtuka kwamba umepotea ndiyo zoezi lenyewe, kwa hiyo anayepotea sana anafanya mazoezi mengi! Kichwa kitupu sijawahi kukipata, na nimeacha kukitafuta. Kingine: pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia. Moyo hupunguza kasi kidogo kila tunapotoa pumzi, hilo utalisikia mwenyewe ukishika mshipa wa mkononi.

Bibi Kalamu:
Lile neno la bosi sawa, ni wazo tu la kuliacha lipite. Ila madeni na barua pepe ni kazi, tena za kweli. Ziandike kwenye karatasi kabla ya kupanda kitandani, moja moja, na siku ya kuzishughulikia.

Kichwa Moto:
Karatasi naianza leo. Lakini kukaa kimya macho yamefumbwa kunanitia wasiwasi. Nikitembea je, inahesabika?

Msafiri wa Ndani:
Inahesabika kabisa. Programu ya meditesheni ya wiki nane aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Marekani mwaka 1979 inafundisha pia kutembea. Macho wazi, mwendo wa taratibu, akili iwe kwenye nyayo: kisigino, kidole, kisigino. Hata korido inatosha. Wapo ambao hofu huwapanda wakifumba macho, wasijilazimishe. Na kama usingizi umekata kwa wiki kadhaa, muone daktari, maana hilo lina tiba yake.