Wandugu nisaidieni: mdogo wangu anaharisha damu, daktari anataka kumpima TB

Mto_Mubuku, Kasese: Habari zenu wandugu. Mdogo wangu ana miaka 24, tangu mwaka jana anaharisha damu, klinika ya mtaani wakasema amiba akameza dawa ya metro, ikatulia wiki mbili ikarudi, wakasema taifodi akapewa antibiotiki ya sipro, ikarudi tena. Tukafika Kampala wakaingiza kamera, wakakata vipande vya utumbo, jibu ni kolaitisi ya vidonda. Eti hakuna mdudu, ni kinga yake mwenyewe inaamuru seli za utumbo zife. Sasa wanataka kumtundikia dripu ya kuzuia kitu cha kinga kinaitwa TNF ila kwanza apimwe TB. Mtu anaumwa tumbo, kifua kinaingiaje? Mama anasema wanatafuta pesa tu, turudi kwa mzee wa mizizi.

Binti_Maabara: Pole sana kaka. Seli zinazofunika utumbo kwa ndani hubadilishwa kila siku 3 mpaka 5, kufa ni kazi yao ya kila siku. Bakteria kama Salmonella akiingia ndani ya seli, protini zinazoitwa gasdamini zinatoboa ngozi ya hiyo seli, inasukumwa nje na mdudu wake, inaishia chooni. Ni kama kubomoa jiko linalowaka kabla moto haujaruka nyumba kubwa.

TNF ni moja ya kengele za kinga. Kwa kawaida seli ikiisikia haifi, inajiandaa kupigana. Lakini breki zikilegea, kengele ileile inageuka amri ya kifo. Kimeng'enya cha kaspasi-8 kikifanya kazi seli inakufa kimyakimya, kikizuiwa, njia nyingine ya protini za RIPK3 na MLKL inaipasua seli, uchafu wote unamwagika, askari wa kinga wanakuja mbio wanapiga TNF zaidi, ukuta unabaki na matundu, bakteria wa choo wanapenya, kengele tena. Ndiyo maana antibiotiki haikumaliza.

Mzee_wa_Bwera: 2008 hapa Kasese si taifodi ilitoboa watu utumbo mpaka wakapasuliwa? Si ndiyo hiyohiyo?

Binti_Maabara: Mzee, zinakaribiana ila ile mdudu alikuwepo kweli, anajificha kwenye vituo vya kinga mwisho wa utumbo mwembamba, pale ndipo panapotoboka. Huyu kijana kengele inalia bila mwizi.

Mukulima256: mpe mizizi achana na mambo ya muzungu

Samaki_Arua: Wewe mizizi kula mwenyewe. Mimi niko kwenye hiyo dripu. TB inaweza kuwa imelala ndani yako huna hata kikohozi, TNF ndiyo inasaidia kuifungia kwenye vifundo, ukiizima bila kupima TB inaamka. Mimi nilikutwa nayo, nikaanzishiwa vidonge vya TB kwanza ndiyo dripu ikafuata. Kama yuko kwenye prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, asiache ghafla hata uso ukivimba kama mandazi. Na muulize anameza nini cha maumivu, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuamsha hivyo vidonda.

Mto_Mubuku: Banange. Nimempigia sasa hivi. Anameza diklofenaki mbili kila usiku kwa ajili ya mgongo, tangu aanze kuendesha boda, pakiti iko chini ya godoro. Jumatatu tunaenda nayo, na kifua kitapimwa. Mama nitamwambia mimi.