Rafiki wa siri Krismasi hii kwa kutumiana mizigo: tupitishe posta au basi, na asiyetuma tumfanyeje?

DadaMfumaji (Mafinga)

Kamwene ndugu zangu, na wasio wa huku habari za saa hizi. Naomba ushauri mapema kabla Desemba haijatukaba.

Tuna grupu letu la wafumaji, masweta, kofia za watoto, soksi, vitambaa vya makochi, chochote cha uzi na sindano. Tulikutana mtandaoni tu, mmoja anaposti picha mwingine anauliza hiyo kola umeianzaje, mpaka tukawa watu kama thelathini, wengi wa Iringa, Njombe, Makete, Mbeya na Tukuyu, wachache Songea na Dar, na wawili wako nje, mmoja Uingereza mmoja Marekani. Wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso lakini tunajuana jamani, mtu akifiwa tunajua, mtoto akifaulu tunajua, mmoja wetu alipolazwa grupu zima halikulala.

Sasa mwaka huu tumekubaliana tufanye rafiki wa siri kama tunavyofanyaga kwenye kwaya na maofisini, unachota jina, unamfumia huyo mtu kitu kwa mkono wako, unamtumia, afu tarehe 26 wote tunafungua na kuposti picha. Kwenye kwaya ni rahisi sababu mnakutana ukumbini mnakabidhiana, huku kwetu mzigo lazima usafiri. Kuratibu nimepewa mimi.

Ninachoomba kujua, kwanza posta au basi kipi bora kwa huku kwetu, pili majina tunachotaje wakati kila mtu yuko kwake na mimi mratibu nataka nicheze pia, tatu kuna dada wawili hawataki namba zao na wanakokaa vijulikane na mtu ambaye hawajamwona, na mi nawaelewa kabisa. Na la nne ndo linaninyima raha, mtu amefuma mwezi mzima katuma, yeye hajatumiwa kitu, siku ya kufungua anaangalia picha za wenzake tu. Hilo sitaki litokee hata kwa mtu mmoja.

Mnyalu_wa_Ipogolo

Dada kwa huku kwetu basi halina mpinzani. Angalia ramani, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, Mbeya yote iko kwenye barabara moja ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, Iringa mpaka Mbeya ni kama kilometa 330, unakabidhi asubuhi jioni mwenzako anachukua. Mi naagiziaga spea hivohivo miaka yote.

Ila kuna namna yake. Usimpe konda barabarani, nenda ofisi ya basi stendi, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa maka peni pande mbili za mzigo, andika na anaposhukia kabisa, maana ukiandika Mbeya tu mwenzako yuko Uyole mzigo unampita unaenda kulala stendi ya Nane Nane. Dai risiti, ipige picha, mtumie mwenzako pamoja na namba za gari. Akienda kuchukua aende na kitambulisho.

Na tarehe zingatieni sana. Kuanzia katikati ya Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar, mabuti yamejaa mabegi ya abiria, vifurushi vinaachwa ofisini vinasubiri gari la kesho na keshokutwa. Na hao wenu wa Dar wakumbuke mlima Kitonga, lori moja likiharibika pale kwenye kona kila kitu kinasimama. Mi ningesema mwisho wa kukabidhi ni tarehe 10, asiyemaliza kufuma afume usiku.

Kwa Songea na Makete ndo kuna kazi, sababu mzigo unabadilisha gari, na mizigo inayopotea mingi inapotelea hapo pa kubadilisha.

Mzee wa Kaunta

Mwanangu Mfumaji salama? Nilikaa kaunta ya posta tangu enzi za Posta na Simu, kabla ya 1994 mashirika hayajatenganishwa, naomba nami niseme neno maana vijana wameisahau posta kabisa.

Huyo bwana wa Ipogolo yuko sahihi kwa barabara kuu. Ila kwa Songea, Ludewa, Makete, na kwa yeyote asiyetaka namba yake izunguke, posta ina nafasi yake, na sababu ni sanduku. Mtu hahitaji kumpa mgeni namba ya simu wala kumwelekeza nyumbani, anahitaji SLP tu, na kama hana lake anaomba la parokia, la shule anayofundisha, la kazini, anaandika jina lake na chini yake "kupitia" halafu jina la taasisi. Ila amwambie mapema katibu wa pale, sio mzigo ufike watu waanze kuulizana huyu nani. Hao dada wawili shida yao inaishia hapo.

Andikeni na postikodi, ni tarakimu tano, za Iringa zinaanza na 51, Mbeya 53, Songwe 54, Ruvuma 57, Njombe 59. Mwombe karani aipitishe kwa rejista au EMS, ile huduma ya posta ya haraka, mpate namba ya kufuatilia, usitume kama barua ya kawaida ukaondoka. Kifurushi kidogo mwisho kilo 2, na sweta la mtu mzima hata likiwa zito haliwezi kufika huko, kwahiyo pimeni kwanza nyumbani msije mkalipia daraja la juu bila sababu.

Kwa wale wa nje kuna fomu ya forodha, CN22 kwa kitu cha thamani ndogo. Andika ukweli na andika kwa kueleza, "sweta la sufu la kufuma kwa mkono, zawadi" na thamani yake. Ukiandika "zawadi" peke yake hujamwambia afisa chochote, atafungua.

MwanaTukuyu_Leeds

Shikamoo mzee wa Kaunta, umenikumbusha mbali. Mi sio wa grupu hilo ila niko Uingereza naomba niongezee kwa faida ya huyo mwenzetu. Huku zawadi ya mtu kwa mtu ikiwa haizidi pauni 39 hailipiwi kodi, ikizidi hapo Royal Mail, yaani posta ya huku, wanaushikilia mzigo mpaka mpokeaji alipe kodi na ada yao juu. Kwahiyo thamani mnayoandika iwe ya kweli ila msimfumie shuka la kitanda kizima jamani, kofia na skafu zinamtosha kabisa na zitamfurahisha.

Mkitaka kumwekea na kitu cha nyumbani wekeni majani ya chai ya Tukuyu, pakiti imefungwa ya dukani. Nyama na vitu vya maziwa hata kidogo haviruhusiwi kuingia. Vikapu vya milulu vya Iringa navipenda kufa lakini ni majani yale, na kitu chochote cha mmea kinaweza kuzuiliwa kikaguliwe, mi nisingehatarisha kwa mara ya kwanza.

Na tumeni Novemba mwanzoni. Wa nje wasisubiri hiyo tarehe 10.

Ticha_Hesabu (Mbeya)

Ugonile dada. Hilo la kuchota majina ndo eneo langu.

Msichote karatasi za kwenye kofia. Ukichotesha hivo uwezekano kwamba angalau mtu mmoja atajichota mwenyewe ni kama asilimia 63, na haibadiliki hata muwe kumi au mia, kwahiyo mtarudia rudia mpaka mchoke. Fanya hivi, mtafute mtu asiye wa grupu, hata mdogo wako, mpe orodha aichanganye vizuri aipange duara, kila mtu anampa anayemfuata na wa mwisho anampa wa kwanza. Hakuna wa kujipata mwenyewe, hakuna wa kukosa, na yeye ndo anamtumia kila mtu jina lake kwa meseji, we mratibu hujui kitu unacheza kama wengine. Kuna na tovuti zinafanya hiyo kazi, Elfster na DrawNames, zote bure, na zinakuruhusu kuweka kwamba fulani asipangiwe fulani, ila mara nyingi zinatumia imeili na najua grupu za huku wengi ni wasapu tu.

Kabla ya kupanga duara uliza nani yuko tayari kutuma nje, maana nauli ya mzigo kwenda Marekani inaweza kuzidi bei ya uzi wenyewe, sio haki mama wa Makete apangiwe hivo bila kuulizwa. Waliokubali ndo wapangwe kwenye duara mara tu kabla ya hao wawili.

Sasa hilo la nne. Wazungu walifanya hii kitu kwa ukubwa kwenye mtandao wa Reddit kuanzia 2009 mpaka 2021 walipofunga, watu wa nchi nyingi wasiojuana wanatumiana zawadi za Krismasi, hata Bill Gates alishiriki miaka kadhaa, mtu anafungua boksi anakuta limetoka kwake. Na wasiotuma walikuwepo kila mwaka. Walichofanya ni kuwa na watu waliojitolea kutuma zawadi ya pili kwa aliyekosa, na asiyetuma hakuruhusiwa tena kushiriki. Hilo la kujitolea ndo la kuiga. Tafuta watu watatu wa kuaminika, wafume kila mmoja kitu cha saizi yoyote, skafu au kofia, kikae cha akiba. Tarehe 10 ikifika kila mtu awe ameposti picha ya risiti, jina la mpokeaji limefunikwa. Risiti ambayo haijaonekana mpaka tarehe 12, yule mdogo wako anamwambia mtu wa akiba kimyakimya atume kwa yule aliyekuwa akose. Aliyekosa hatajua hata kama alikuwa amekosa.

MamaUyole

Ticha umeongea vizuri sana. Mi nina wazo jingine la hizo nauli, kila mji muwe na mtu mmoja mwenye duka au ofisi, tuseme duka la uzi Iringa mjini, jingine Njombe, jingine Mbeya. Vifurushi vyote vya kwenda Mbeya vinakusanywa Iringa vinashonwa kwenye kiroba kimoja, kila kimoja kimeandikwa namba tu, mwenye duka Mbeya anagawa kwa namba. Nauli mnachangiana inakuwa kidogo, na hakuna anayejua nyumba ya mtu wala simu yake.

Na msisahau ni msimu wa mvua. Fungeni kila kitu ndani ya nailoni kwanza ndo kiingie kwenye kiroba. Niliwahi kupokea mzigo uliokaa juu ya keria kutoka huko Kyela, uzi mwekundu umechuja kwenye uzi mweupe, kazi ya miezi imeharibika, iliniuma mpaka leo.

Mnyalu_wa_Ipogolo

Mama Uyole wazo la duka ni zuri kwa mijini, ila huyo mwenye duka nae mumjali, Desemba ndo biashara yake, watu thelathini wakianza kumpigia mzigo wangu umefika atachoka. Mi ningeweka siku moja tu ya kuchukua, Jumamosi, saa zinajulikana. Na kiroba kimoja kikipotea vimepotea vyote kumi, hapo ndo naogopa. Bora viroba viwili siku mbili tofauti.

Kijana_wa_Rungwe

Samahani kuingilia, ndizi na parachichi zinaweza kuunganishwa na hizo zawadi? Na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, kwa walioko Dar?

MamaUyole

Hapana mwanangu. Parachichi ikipondeka kwenye boksi la sweta basi tena. Na ulanzi usithubutu, unaendelea kuchacha njiani unajaza gesi, chupa imefungwa kizibo ndani ya buti lenye joto itapasuka na mizigo ya watu wengine ilowe. Weka chai, kahawa ya Mbozi iliyosagwa, mchele wa Kyela kilo moja ukipenda, vitu vikavu.

DadaMfumaji (Mafinga)

Jamani asanteni, sikutegemea watu mjitoe hivi, na mzee wa Kaunta shikamoo sana, nimempigia katibu wa parokia leoleo amekubali tutumie sanduku lao.

Nimeongea na wenzangu tumekubaliana hivi. Duara atapanga shemeji yangu ambae hafumi wala hayuko grupu. Wa nje wanafumiwa kofia na skafu tu, watatu wamejitolea kutuma huko na mzigo unatoka wiki ya kwanza ya Novemba. Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya kwa basi, mwisho tarehe 10 Desemba. Wale dada wawili na wa Songea kwa posta kwa rejista, mwisho tarehe 1 Desemba. Maduka tumeweka Mbeya na Njombe, Jumamosi moja tu kama ulivosema kaka. Watu wa akiba wamepatikana wanne sio watatu, na mmoja ameshaanza kufuma, kachagua kijivu sababu anasema kijivu kinamkaa kila mtu. Kila mtu pia anaandika kipimo cha kifua na kichwa, na kama sufu inamwasha aseme afumiwe kwa uzi wa pamba. Bei ya uzi tumeweka kiwango cha juu kimoja ili aliyepokea asijione amepunjwa.

Kilichobaki ni Makete, tuna watu wawili kule na duka lao la karibu ni Njombe, mbali kwao. Kuna anayejua ofisi za mabasi Njombe wanavyopokea mzigo wa kubadilisha?

Mdau_Makambako

Dada usiuandikie Makete moja kwa moja ukiwa Mafinga, utashushwa hapa kwetu Makambako na hakuna wa kuuulizia. Uandike Njombe stendi, jina la huyo mwenye duka wenu, yeye ndo aupeleke kwa gari la Makete na namba ya mpokeaji mpya, na achukue risiti ya pili. Magari ya Makete mengi yanatoka asubuhi, kwahiyo mzigo ukifika Njombe jioni unalala dukani na sio stendi. Mvua zikikaza barabara ya huko juu inakuwa na utelezi na ukungu, wa Makete wape tarehe 5 badala ya 10.